Redio ya babu sasa inapiga gitaa, na jicho bado linawaka

Naanza na onyo maana najua kuna mtu atasoma nusu halafu akimbilie bisibisi. Ndani ya redio ya valvu (vile vioo vyenye uzi unaowaka, vilivyokuwa vinakuza sauti kabla ya transista) kuna volti 250 mpaka 300 za DC na zinabaki mle hata kama umechomoa plagi ukutani. Mimi zimenipiga mara moja, kidole cha shahada, nikakaa chini kama dakika kumi siongei na mtu. Kwahiyo soma kwanza mpaka mwisho, sawa?

Haya. Redio ilikuwa Tanga, Ngamiani, kwa bibi mzaa mama, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, yaani kama umekulia uswahilini unaijua hiyo picha. Sanduku la mbao lenye vanishi, kioo cha mbele kina namba za mita (urefu wa mawimbi ya redio), 49, 41, 31, 25 mpaka 13, vinobu vinne rangi ya maziwa, na juu katikati kidirisha kidogo. Haijaongea tangu kabla sijazaliwa. Babu alikuwa mtu wa bandarini, bibi anasema aliinunua kabla ya Uhuru na mi namwamini kwasababu valvu nilizokuta ndani ni za ukoo wa miaka ya 1950.

Mimi napiga gitaa, sio kivile, ila napiga. Na kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua miaka yote, sauti ya gitaa la solo kwenye nyimbo za zamani za dansi, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz (wote wa hapohapo Tanga), Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ile sauti ambayo ni safi lakini pembeni imeungua kidogo, kama wali wenye ukoko. Nimejaribu pedali (vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti ya gitaa), nimejaribu programu za simu, haiji, au inakuja lakini unaisikia kabisa kwamba ni ya kuigiza. Enzi zile amplifaya za valvu ndo zilikuwa amplifaya zenyewe, na kununua moja mpya ni hela ambayo mi nikiipata naezeka nyumba kwanza.

Sasa siku hiyo nimekaa kwa bibi nasubiri chai, macho yakaenda juu ya kabati.

"Bibi, ile redio naiomba."

"Ya nini, haisemi."

"Nataka niifanye ya kupigia gitaa."

Akanyamaza, mi nikajua nimeharibu, ile ni ya marehemu babu bwana. Halafu akasema, "Chukua mjukuu wangu. Ila lile jicho lisizimike. Babu yako alikuwa anaangalia lile jicho."

Kwa wasiojua, jicho ni valvu ndogo inaitwa EM80, ina sehemu inayong'aa kijani, redio ikikamata stesheni vizuri kile kijani kinatanuka na kivuli chake kinaziba, stesheni ikiwa dhaifu kivuli kinafunguka. Ndo ulikuwa unajua hapo hapo umefika, usizungushe tena. Shida ni kwamba jicho linaendeshwa na sehemu ya kukamatia mawimbi, na hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naenda kuing'oa. Nikamwambia bibi sawa halitazimika, kama vile najua ninachosema.

Nimerudi nayo Dar kwenye basi nimeipakata kama mtoto, konda anataka kuniuzia tiketi mbili.

Kabla ya yote, kitu cha kwanza kabisa, geuza redio uangalie kama ina transfoma ya umeme. Kuna redio za zamani hazina, valvu zake zinaanza na herufi U, UCH81, UCL82, UY85 za namna hiyo, hizo chasisi yake ya bati imeunganishwa moja kwa moja na waya wa ukutani na ukiingiza plagi upande usiofaa bati lote ni moto. Sasa fikiria, waya za gitaa zinaungana na jeki, jeki inaungana na chasisi, na mikono yako iko kwenye waya za gitaa. Yaani wewe ndo unakuwa sehemu ya saketi. Kama redio yako ni ya U, irudishe juu ya kabati, weka maua yako ya plastiki, tafuta nyingine. Sina utani hapo.

Yangu ina transfoma, na valvu zake zinaanza na E. ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80 na hilo jicho. Nilipoona EL84 nilipiga kelele, mke wangu akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia EL84, akarudi jikoni. EL84 ni valvu ya kutolea sauti, na ndiyo hiyohiyo iliyomo ndani ya Vox AC30, amplifaya maarufu ya gitaa, kule ziko nne na hapa iko moja. Yaani bibi alikuwa anakaa na robo ya Vox sebuleni miaka yote hiyo.

Na hapa ndo niseme kitu ambacho nilichelewa kukielewa, nilidhani kazi itakuwa ya kutengeneza, kumbe ni ya kupunguza. Redio nusu yake ya kwanza inatafuta stesheni, hiyo ni ECH81 na EF89 na makopo ya bati yenye koili ndani, na nusu ya pili inachukua kale kasauti kadogo inakakuza mpaka spika inatikisika, hiyo ni EBC81, EL84 na transfoma ya kutolea sauti kwenda kwenye spika. EZ80 yenyewe inageuza AC kuwa DC kwa wote. Gitaa halitafuti stesheni. Ukitoa nusu ya kwanza unabaki na amplifaya, imekamilika kabisa, ilikuwa inasubiri tu watu waondoke.

Ila usiichomeke umeme bado. Jirani na ninapokaa kuna mzee fundi wa redio, wa siku nyingi, nilimpelekea akaitazama akacheka, akaniambia mwanangu valvu hazifi haraka, kinachokufa ni kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme. Za karatasi na nta zinavuja, za maji zinakauka. Ana taa ya siriz ukutani, balbu ya zamani ya uzi ya wati 60 imefungwa ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndo uende kwenye kifaa, balbu ikiwaka kali na kubaki kali kuna shoti ndani, ikiwaka halafu ikafifia uko salama. Balbu za LED haziwezi kazi hiyo, lazima ya uzi, na siku hizi kuipata nayo ni shughuli.

Kapasita za volti kubwa nilidhani nitaagiza nje. Hapana aisee. Zipo kwenye takataka zetu. Vunja energy saver iliyokufa (sio ile mirija ya kioo, ile ina zebaki, fungua kitako tu taratibu) ndani utakuta kapasita moja ya volti 400, mikrofaradi 4.7 au 6.8 au 10 hivi. Chaja za simu nazo zinazo. TV za chogo zina kubwa zaidi, mikrofaradi 100 na kupanda, na hapo nikataka kujifanya mjanja niweke ile kubwa, mzee akanizuia, akasema EZ80 haipendi kapasita ya kwanza izidi 50, kila ukiwasha inabidi iijaze kwa mshindo na mwisho inapiga cheche ndani inakufa. Nimeunganisha za energy saver sambamba mpaka nikafika kama 22, halafu rezista, halafu 22 nyingine. Na zile za kwenye pawasaplai ya kompyuta zisikudanganye kwa ukubwa, ni za volti 200, hapa zitapasuka.

Kapasita ndogo za kupitisha sauti nazo nimezitoa kwenye ubao wa TV ya chogo, unatafuta zilizoandikwa 223J 400V au 630V, hiyo ni nanofaradi 22, bei yake ni bure na kumshukuru fundi.

Hizi ndogo ndo nataka nizisemee zaidi kwasababu zilikaribia kuniua valvu. Nilibadilisha kapasita zote isipokuwa moja, iko nyuma ya soketi ya EL84, nikasema hiyo mbona nzuri tu, haina ufa, haina kitu. Nikawasha kwenye siriz, poa. Nikatoa siriz nikaweka umeme wote, spika ikaanza kuunguruma, dakika mbili nikaona ndani ya EL84 bati (ndo anodi yenyewe) limeanza kuwa jekundu kama mkaa unaopulizwa. Nikachomoa. Ile kapasita kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia DC, sasa ilikuwa inavuja, volti chanya zinafika kwenye gridi ya EL84 (sehemu inayoamua umeme upite kiasi gani) na valvu inafunguka inakunywa umeme kupita uwezo wake. Gridi ukiipima inatakiwa isome sifuri. Yangu ilisoma volti 4. Nikaibadilisha hiyo moja tu, gridi sifuri, kathodi (sehemu umeme wa valvu unapoanzia) volti 6.5 juu ya rezista ya omu 150, gawanya unapata miliampia 43, hapo valvu inafanya kazi inapumua. Kama una mita ya kupimia umeme na unajua kugawanya huna haja ya kukisia.

Ikabidi sasa nijaribu. Redio nyingi za aina hii zina matundu mawili nyuma ya kuchomekea gramafoni, kuna alama ya kisahani. Nikaunga gitaa pale nikapiga. Ikatoka! Dhaifu, kama mtu anaimba chumba cha pili mlango umefungwa, lakini ilikuwa ya moto, nene, sijui niielezeje. Udhaifu una sababu, pikapu (kichwa cha sindano) ya gramafoni za enzi hizo ilikuwa inatoa kama nusu volti mpaka volti nzima, gitaa linatoa sehemu ndogo tu ya hiyo, kwahiyo EBC81 peke yake haifikishi. Unahitaji hatua moja zaidi ya kukuza.

Valvu ya kazi hiyo ni ECC83, Wamarekani wanaiita 12AX7, ni valvu mbili ndani ya kioo kimoja, na uzuri wake bado inatengenezwa mpya, Slovakia kule Čadca na Urusi kule Saratov. Yangu imeletwa na binamu aliyekuja likizo kutoka Ujerumani, kaifunga kwenye soksi. Nikang'oa ECH81, EF89, makopo, ile kapasita kubwa ya mabawa ya kutafutia stesheni, meza ilijaa vyuma nikawa naogopa kuangalia. Nikatoa na EBC81, nikaweka ECC83 kwenye soketi yake maana iko karibu na EL84 na zote zina miguu tisa.

Umeme wa kuwasha nyuzi, zile za ndani zinazoipasha valvu moto, niliupigia hesabu kabla. Hizo tatu nilizotoa zilikuwa zinakula ampia 0.3, 0.2 na 0.23, ECC83 inakula 0.3 peke yake, transfoma imebaki inapumzika. Nilijiona profesa.

Profesa akawasha, kimya. Yaani kuna kasauti lakini hafifu kuliko hata mwanzo. Nikapima anodi, nikapima kila rezista, siku mbili nzima, nikaanza kumlaumu binamu na soksi yake. Siku ya tatu usiku umeme umekatika umerudi, taa ya chumbani imezimwa, nikaangalia zile valvu gizani nikaona EL84 inang'aa vizuri na ECC83 inang'aa kama sigara inayokata roho. Ahaaa! ECC83 uzi wake una pande mbili. Ukiupa umeme mguu wa 4 na wa 5 kama valvu zingine, inataka volti 12.6. Kwa volti 6.3 lazima uunge wa 4 na wa 5 pamoja, na upande wa pili uende mguu wa 9. Mimi niliacha waya za soketi ya zamani vilevile. Dakika tano za kulehemu, nikawasha, nikapiga E ya chini, kikombe kikatembea mezani.

Kwa wanaotaka namba, ni saketi ya kawaida ambayo utaiona kila mahali: jeki, rezista ya meg 1 kwenda chini (yaani kwenye chasisi), kilo-omu 68 kuingia gridi, kathodi 1.5k na kapasita ya mikrofaradi 22, anodi 100k, kapasita ile ya 223, nobu ya sauti, nusu ya pili ya ECC83 vilevile, halafu EL84. Nobu ya sauti ni ileile ya redio, ilikuwa inakwaruza nikaisafisha kwa spiriti. Nimekata pia ile waya inayorudisha sauti kidogo kutoka kwenye spika kwenda nyuma, waliiweka ili taarifa ya habari isikike safi na mimi sitaki usafi.

Sasa mambo ya uhai. Waya wa ukutani wa redio hizi ni wa nyuzi mbili, nimeutupa nikaweka wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano umefungwa kwa boliti kwenye chasisi na sio kulehemu tu. Fyuzi nimeweka. Kuna kapasita ndogo walikuwa wanaiweka kutoka kwenye umeme wa ukutani kwenda kwenye chasisi, ikizeeka ikivuja chasisi inakupiga, itafute uitoe. Na nimeweka rezista ya 220k wati 2 juu ya kapasita kubwa, kazi yake ni kumwaga umeme ukizima, nasubiri dakika moja na bado napima kabla sijaingiza mkono. Kidole kile kilipigwa kabla sijaiweka. Halafu hakikisha nyumba yako ina waya wa ardhi wa kweli, maana nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu na nyuma ya tundu la tatu hamna kitu, uzuri tu wa macho. Ya kwangu ilikuwa hivyohivyo, tumechimbia fimbo ya shaba nje karibu na bomba, fundi umeme akapima.

Kitu kingine, usiwashe kamwe bila spika. Kwenye amplifaya za transista ukichomoa spika inakaa tu, hii ya valvu ukipiga bila spika volti zinapanda kwenye transfoma ya kutolea mpaka inajitoboa yenyewe ndani, na hiyo transfoma kuipata nyingine ndo mwisho wa stori. Spika ya redio ilikuwa ya omu 5, karatasi imeliwa na mende upande mmoja, nimeweka ya inchi 12 ya omu 8 kutoka kwenye kabati bovu la muziki wa harusi. Omu hazilingani sawasawa, nguvu inapungua kidogo, lakini haina madhara.

Mngurumo ulinisumbua wiki. Kwenye redio upande mmoja wa umeme wa nyuzi za valvu umeungwa kwenye chasisi kabisa, kwa redio sawa, kwa gitaa unasikia uuuuu muda wote. Nimeutenganisha, nikasokota waya mbili pamoja kama nywele za rasta, nikaweka rezista mbili za omu 100 kila upande kwenda chini. Uuuuu imebaki kidogo, unaisikia ukinyamaza.

Na jicho. Jicho lilichukua muda kuliko vyote na halina faida yoyote kwenye sauti, nasema ukweli. Linataka volti hasi, kama 14 hivi ili kivuli kizibe. Nimechukua sauti kwenye anodi ya EL84 kupitia kapasita ya volti 630, nikaipunguza kwa rezista mbili, nikapitisha kwenye dayodi na kakapasita kadogo ka kushikilia. Mara ya kwanza niligeuza dayodi, nikipiga gitaa kivuli hakitikisiki hata kidogo. Nikaigeuza. Sasa ukipiga noti kijani kinaruka kinaziba, noti ikifa kinafunguka polepole.

Sauti? Ni wati 4 hivi, usicheke, wati 4 za valvu jirani yangu alinigongea ukuta. Kwa bendi yenye ngoma haitoshi, utamezwa. Lakini ndani ya nyumba, nobu ikiwa nusu ni safi na tamu, ukisogeza robo tatu inaanza kuungua pembeni, ukigusa waya kwa upole inarudi safi, ukiichapa inafoka. Mkono ndo pedali. Pedali zangu zipo kwenye boksi, nauza, atakayetaka anitafute.

Mwezi uliopita nimeipeleka Tanga. Sanduku ni lilelile, kioo cha mita kinawaka, nimeificha jeki nyuma. Nikamwamkia bibi, nikaiweka juu ya kabati, nikachomeka, tukasubiri kama nusu dakika zile valvu zipate moto. Jicho likaja taratibu, kwanza hafifu, halafu kijani kabisa. Bibi akavaa miwani akasogea.

Nikapiga kipande cha dansi, polepole, najua ataujua. Hakuangalia gitaa hata kidogo, alikuwa anaangalia kile kijani kinavyofumba na kufumbua. Nikamaliza.

"Stesheni gani hii?" akauliza.

Nikamwambia bibi ni mimi ndo napiga.

"Najua," akasema, "nauliza stesheni gani."